"Hitilafu ndogo" ni ndogo kwa nani? Jinsi mikataba inavyopima uzito wa tatizo

Kila sistimu ikianguka hapa Uganda, iwe ya benki, ya mobaili mani, ya shule ama ya hospitali, meseji inayoingia kwenye simu ni ile ile: "Ndugu mteja, tunapitia hitilafu ndogo ya kiufundi, tunaomba uvumilivu wako." Basi kwenye magrupu ya WhatsApp watu wanawaka, ndogo kwa nani, mimi niko hapa kaunta na mgonjwa ananisubiri, mwingine anasema mkataba wao unasema wanarekebisha ndani ya masaa manne, mwingine anabisha hapana ni siku tano, na mpaka jioni hakuna anayejua nani yuko sawa. Sasa ukweli ni kwamba wote wawili wanaweza kuwa sawa, manake mkataba mmoja unaweza kubeba masaa manne na siku tano humo humo ndani, na kinachoamua wewe upate ipi ni kanamba kamoja tu ambako wengi wetu hatukaangalii siku ya kusaini.

Nataka leo tukafungue hako kanamba polepole, manake mimi mwenyewe kameshaniuma.

Mimi ni katibu wa kamati ya SACCO moja ya walimu huku mashariki, upande wa Mbale. Mishahara ya serikali inatakiwa iwe imeingia kufikia tarehe 28 ya mwezi, kwa hiyo siku hiyo ofisi yetu inakuwa kama soko. Ijumaa moja tarehe 28, saa mbili asubuhi, benchi zimejaa watu wamefika mpaka nje chini ya mwembe, keshia wetu akafungua sistimu ikafunguka vizuri tu, akatafuta jina la mwanachama likaja, salio likaonekana, akabonyeza kutoa pesa, kale kaduara kakaanza kuzunguka. Kakazunguka dakika nzima halafu pakaandikwa "inasubiri". Akajaribu mwanachama wa pili, inasubiri. Wa tatu, inasubiri. Tukafungua tiketi, yaani ripoti rasmi ya tatizo, kwa kampuni inayotuuzia hiyo sistimu, na kusema haki walijibu haraka, dakika 11 tu: "Tumepokea tiketi yenu. Ngazi ya 3."

Ngazi ya 3 kwenye mkataba wetu ilikuwa na siku 5 za kazi. Jumamosi na Jumapili hazihesabiwi. Sistimu ilirudi Jumanne karibu saa tano asubuhi, na tulipoandika barua ya kulalamika tukajibiwa kwa heshima kabisa kwamba tatizo limetatuliwa ndani ya siku 2 za kazi, yaani wamewahi, hakuna kosa lolote. Usiku huo nikachukua mkataba nikausoma mstari kwa mstari, nikakuta ni kweli. Ngazi ya 1 iliandikwa "mfumo wote haupatikani kwa watumiaji wote", na wetu ulipatikana, si ukurasa ulifunguka? Ngazi ya 2 iliandikwa "kazi kubwa imeathirika na hakuna njia mbadala", na njia mbadala ilikuwepo, walisema, mngeandika kwenye daftari. Mama mmoja mwalimu mstaafu alishuka kutoka Bududa kwa takisi mbili akarudi mikono mitupu, na kwenye karatasi hilo lilikuwa tatizo la ngazi ya 3.

Tuanze na maneno yenyewe

Tukio ni jambo lolote linalofanya huduma uliyolipia isiende kama ilivyoahidiwa. Sistimu imezima, imekuwa nzito, inatoa hesabu za uongo, mtu asiyehusika ameingia kwenye akaunti za watu, yote hayo ni matukio. Uzito wa tukio ni kipimo cha limekuumiza kiasi gani. Ngazi ni namba inayopewa huo uzito, mara nyingi kuanzia 1 mpaka 4, na hapa watu wanachanganyikiwa kwa sababu 1 ndiyo mbaya kuliko zote na 4 ni kitu kama rangi ya kitufe imekaa vibaya. Mkataba wa kiwango cha huduma ndiyo karatasi inayosema kila ngazi inapata nini, yaani wataitikia baada ya muda gani, watatatua baada ya muda gani, na wakichelewa watakupa nini.

Ukitaka kuielewa haraka fikiria chumba cha dharura cha hospitali ya rufaa. Nesi wa mlangoni haangalii nani amefika kwanza, anaangalia nani anapumua kwa shida, nani anavuja damu, nani ana homa ya kawaida, anawagawa kwa rangi, mwekundu anaingia sasa hivi, wa njano anasubiri kidogo, wa kijani atakaa kwenye benchi. Wewe wa kijani unaweza kukasirika umekaa masaa matatu lakini ukiwa na akili timamu unakubali kwamba mtoto aliyebebwa kutoka kwenye ajali ya boda ametangulia kwa haki. Mikataba ilichukua wazo hilo hilo, na wazo lenyewe ni zuri, mimi silipingi hata kidogo. Kampuni yenye mafundi sita na wateja mia haiwezi kukimbilia kila simu kwa mbio zile zile, na bila ngazi anayehudumiwa kwanza anakuwa ni yule anayepiga kelele zaidi ama mwenye ndugu ndani.

Ila kuna tofauti moja kubwa na watu wengi hawaioni. Yule nesi akiandika kijani haongezi chochote mfukoni mwake. Kwenye mkataba, mara nyingi anayeandika namba ndiye huyo huyo atakayelipa fidia uzito ukiwa mkubwa. Shika hilo, tutalirudia.

Uzito unapimwaje

Mikataba mingi ya huduma za kompyuta inauliza maswali mawili. La kwanza ni la athari: wameumia wangapi, na wameumia kwenye kazi gani? La pili ni la uharaka: tukisubiri, hali inazidi kuharibika kwa kasi gani? Halafu wanayaunganisha, athari kubwa na uharaka mkubwa inakuwa ngazi ya 1, athari ndogo na uharaka mdogo inashuka mpaka 4.

Mfano wa barabarani. Malori mawili yameharibika gia siku moja, ubovu ule ule kabisa, fundi yule yule. La kwanza limebeba saruji kutoka Tororo, la pili limebeba samaki wabichi kwenye barafu kutoka Masese pale Jinja. Saruji ikilala barabarani usiku mzima, asubuhi bado ni saruji. Samaki barafu ikishayeyuka, baada ya masaa machache hakuna tena cha kuokoa, hata ukileta gia mpya ya dhahabu. Hapo uharaka umetofautiana na ubovu ni mmoja. Sasa chukua lile lori la saruji ambalo halina haraka, lakini badala ya kuzimikia kwenye yadi lizimikie juu ya daraja la Karuma, mahali magari ya kwenda Gulu na Arua yanapita. Lori halijabadilika, mzigo haujabadilika, lakini athari imeruka kutoka kwa mtu mmoja mpaka kwa abiria wote waliokwama pande mbili za Nile.

Kwa hiyo ubovu wenyewe hausemi uzito. Hili nalirudia kwa sababu mafundi wetu wanapenda kupima kwa ubovu, "aah hii ni waya tu, hii ni faili moja tu". Tarehe 19 Julai 2024 faili moja ya masasisho kutoka kampuni ya usalama ya CrowdStrike ilikuwa na kasoro, faili moja, na Microsoft walikadiria kompyuta milioni 8.5 duniani ziliathirika, ndege zikabaki chini, hospitali zikarudi kwenye karatasi. Kwa macho ya fundi ni faili ndogo ya kufuta. Kwa macho ya abiria aliyelala sakafuni uwanja wa ndege ni kitu kingine.

Na hapo ndipo mkataba wetu ulipotuangusha. Ulipima mashine, haukupima kazi. Uliuliza "mfumo unafunguka?" badala ya kuuliza "mwanachama anaweza kutoa pesa yake?" Ukisoma mkataba wowote, nenda moja kwa moja kwenye maelezo ya ngazi ya 1 uangalie limeandikwa neno gani. Ukikuta "wote", "kabisa", "mfumo mzima", simama hapo hapo, manake sistimu kuzima kabisa ni nadra sana, mara nyingi inakufa nusu nusu, kuingia unaingia lakini kutuma hutumi, ama tawi la Mbale linafanya kazi na la Soroti limelala.

Nani ameshika kalamu

Sasa turudi kwa yule anayeandika namba. Kuna mitindo mitatu. Kuna mikataba inayosema mtoa huduma ndiye anapanga ngazi, nukta. Kuna inayosema mteja ndiye anapanga. Na kuna ya katikati, mteja anapanga ya kwanza halafu mtoa huduma anaweza kuibadilisha, lakini kwa kutoa sababu kwa maandishi ama kwa makubaliano.

Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na mimi kwa hili nasimama upande wa maiti, mteja ndiye aanze. Yeye ndiye yuko kaunta na watu mia wanamwangalia usoni. Lakini nawaelewa pia watoa huduma, manake nimekaa na fundi mmoja wao akanionyesha orodha ya tiketi zake, karibu kila mteja ameandika ngazi ya 1, hata aliyesahau neno la siri. Kila mtu akiwa mwekundu, nesi hana tena jinsi ya kuchagua. Mikataba mizuri inalitatua hili bila ugomvi: ukitangaza ngazi ya 1, nawe una wajibu, lazima mtu wako mwenye mamlaka awe hewani muda wote mpaka tatizo liishe, usiku, Jumapili, Krismasi, na akipigiwa asipopatikana ngazi inashushwa. Hapo anayetia chumvi anajirudi mwenyewe, hakuna anayetaka kukesha kwa ajili ya neno la siri.

Kitu cha pili ambacho lazima kiwepo ni ruhusa ya kupima upya. Uzito unaoonekana saa ya kwanza si lazima uwe ndio uzito wenyewe. Ajali ya nyuklia ya Fukushima kule Japani, Machi 2011, kwa mara ya kwanza ilipewa ngazi ya 4 kwenye kipimo cha kimataifa ambacho kinaishia 7 (na chenyewe kinapanda juu, kinyume na mikataba yetu). Siku chache baadaye wakaipandisha 5. Tarehe 12 Aprili, mwezi mzima umepita, wakaipandisha 7, sawa na Chernobyl ya 1986. Basi kama wataalamu wa nchi nzima wenye vifaa vyote wanaweza kubadilisha hesabu yao mara mbili, vipi kijana wa sapoti aliyesoma imeili yako kwa dakika 11 aandike namba ambayo haibadiliki tena? Mkataba useme waziwazi nani anaweza kuomba ipandishwe, ombi linajibiwa ndani ya dakika ngapi, na wakikataa unampigia nani juu yao. Jina la cheo na namba ya simu inayopokelewa, siyo "uongozi husika".

Na wakigoma kabisa? Hapa naomba muangalie sheria moja ya kwetu ambayo haihusiani na kompyuta lakini inafundisha sana. Sheria ya fidia kwa wafanyakazi, ile ya mwaka 2000, nayo kazi yake kubwa ni kupima uzito wa tukio. Mfanyakazi ameumia kazini, ameumia kiasi gani? Kuna mpaka wa chini, jeraha ambalo halikuacha ulemavu wa kudumu na halikumzuia kupata mshahara wake kamili kwa angalau siku tatu mfululizo halimbani mwajiri. Ulemavu kamili wa kudumu ni mapato ya miezi 60. Ulemavu wa sehemu unahesabiwa kwa asilimia kufuata jedwali lililoambatanishwa na sheria, kiungo gani kimepotea, asilimia ngapi. Angalieni uzuri wake, jedwali limeandikwa kabla mtu hajaumia, halikuandikwa na mwajiri wala na mfanyakazi, anayepima ni daktari, na mkibishana kuhusu kipimo cha daktari sheria imeweka bodi ya madaktari ya usuluhishi. Yaani aliyetunga sheria alijua kabisa kwamba anayelipa na anayelipwa hawawezi kukubaliana peke yao uzito wa kidole. Mikataba yetu mingi ya sistimu haina huyo mtu wa tatu, inaishia "pande zote zitajadiliana kwa nia njema", na nia njema siku ya tarehe 28 saa nne asubuhi ni ngumu kuipata.

Saa inaanza lini, na inasimama lini

Hata ngazi ikiwa sahihi bado kuna saa. Kuitikia na kutatua ni vitu viwili. Kuitikia ni mtu kukwambia nimekusikia. Kutatua ni kazi kurudi. Wauzaji wanapenda kukutajia muda wa kuitikia, "sisi ni dakika 15 tu ssebo", na wewe unasikia dakika 15 za kutatua. Sisi tulijibiwa kwa dakika 11, tukakaa siku nne.

Halafu uliza ni saa za aina gani. Kuna masaa ya saa ya ukutani, na kuna masaa ya kazi, ambayo yanalala jioni na wikendi na sikukuu. Masaa 8 ya kazi ukianza kuyahesabu Ijumaa saa kumi jioni unaweza kujikuta Jumatatu mchana. Na hapa sisi tunaotumia Kiswahili tuwe makini zaidi, manake nimeona mkataba ulioandikwa "tatizo litatatuliwa saa 4", sasa hiyo ni ndani ya masaa manne ama ni saa nne asubuhi? Ama aliyeandika alimaanisha saa nne ya Kizungu, ambayo kwetu ni saa kumi? Andika "ndani ya masaa 4 tangu tiketi ilipopokelewa" na uishi kwa amani.

Saa pia inasimama. Vipengele vingi vinasema muda hauhesabiwi wakati mtoa huduma anasubiri taarifa kutoka kwako. Ni haki, huwezi kumlaumu fundi na wewe umezima simu. Lakini angalia ile tabia ya kutumiwa swali dogo kila jioni, "tafadhali tuma picha ya tatizo", ukilijibu asubuhi usiku mzima umefutwa kwenye hesabu.

Na kuna suluhisho la muda. Wakikupa njia ya kuzungukia tatizo, ngazi inashuka, mara nyingi kutoka 1 kwenda 2 ama 3. Kwenye lori la samaki hii ni kama kuleta lori lingine la barafu kuhamisha mzigo, samaki wamepona, gia sasa inaweza kusubiri, nakubali kabisa. Ila njia hiyo ipimwe na anayeitumia. Daftari kwa watu watano ni suluhisho. Daftari kwa watu mia mbili, huku huna uhakika wa salio la saa hiyo na mtu anaweza kuchukua hapa halafu akachukua tena kwa wakala, hilo si suluhisho, ni hasara inayosubiri kuhesabiwa.

Mambo yanayosemwa sana ambayo si kweli

"Wametuhakikishia asilimia 99, hiyo ni karibu mia." Hesabu. Mwezi wa siku 30 una masaa 720, asilimia 1 yake ni masaa 7 na dakika 12. Asilimia 99.9 ni kama dakika 43. Kwa hiyo mwenye 99 ana ruhusa kimkataba ya kukuzimia asubuhi nzima mpaka alasiri kila mwezi, na hakuna kinachomzuia asubuhi hiyo kuwa tarehe 28. Tena uliza ile kufa nusu nusu inahesabiwa ama la, manake kwetu haikuhesabiwa, mwezi ule ripoti yao ilionyesha 100.

"Wakichelewa watatulipa hasara." Mara nyingi fidia ya mikataba hii ni punguzo la asilimia fulani kwenye ada ya mwezi unaofuata. Kama unalipa ada ya shilingi 600,000 na punguzo ni asilimia 10, ni 60,000, hata kama siku hiyo ulipoteza milioni. Na aghalabu kuna mstari unaosema hiyo ndiyo fidia pekee. Sikatai huo mstari uwepo, kampuni ndogo haiwezi kubeba hasara ya kila mteja, lakini ujue umeusaini.

"Muuzaji alituahidi kwa mdomo." Sheria yetu ya mikataba ya mwaka 2010 inataka mkataba wa thamani inayozidi pointi 25 za sarafu uwe wa maandishi, pointi moja ni shilingi 20,000, kwa hiyo ni kitu chochote kinachozidi shilingi 500,000. Sistimu ya SACCO inavuka hapo mapema sana. Kilichoahidiwa kwenye chai na chapati kiingizwe kwenye karatasi.

"Netiwaka ikikatika ni kosa lao." Inategemea. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na sisi Uganda ambao hatuna bahari tukaumia pamoja na Kenya na Tanzania. Mikataba mingi inayatoa matukio kama hayo nje ya hesabu. Ila hapo una haki ya kuuliza: mna njia ya pili? Kutolewa nje ya hesabu kusiwe kinga kwa mtu aliyetegemea waya mmoja.

Lile ambalo ngazi haiwezi kulishusha

Hapa naomba mnisikilize vizuri zaidi kuliko kote. Kuna tukio ambalo sistimu haizimi kabisa, haiwi hata nzito, kila kitu kinakwenda vizuri: mtu ameingia kimyakimya akanakili majina, namba za vitambulisho na namba za simu za wanachama. Kwa ngazi zinazopima kuzima, hilo linaweza kuandikwa 3 ama 4, manake hakuna kilichosimama, hakuna mwanachama aliyelalamika. Lakini sheria ya ulinzi wa data na faragha ya mwaka 2019 haisomi ngazi za kwenye mkataba wenu. Inasema anayeshika data za watu akiamini kwamba zimefikiwa na asiyeruhusiwa, aiarifu mara moja mamlaka ya serikali inayosimamia sheria hiyo. Mara moja, siyo siku 5 za kazi. Na mamlaka ndiyo inaamua kama wenye data nao waambiwe, haikuachiwa kampuni ijipimie yenyewe kama wanachama wanastahili kujua.

Kwa hiyo kama wewe ni SACCO, kliniki ama shule, na data za watu wako zimekaa kwa mtu mwingine, mkataba lazima useme kwamba uvujaji wowote wa data, hata wa mtu mmoja, hata ukishukiwa tu, unaingia ngazi ya 1 bila mjadala, na unaambiwa wewe kwanza ndani ya masaa yanayohesabika. Manake wewe utaarifu vipi mara moja jambo ambalo fundi amelipa ngazi ya 4 na kuliweka kwenye foleni?

Tulichobadilisha sisi

Mkataba ulipofika wakati wa kuongezwa tulikaa nao mara tatu. Ngazi ya 1 tulipendekeza ianze hivi: "Mwanachama yeyote aliyefika dirishani ameshindwa kuweka, kutoa ama kuhamisha fedha zake kwa zaidi ya dakika 30, ukurasa ukifunguka ama usipofunguka." Walijadili sana neno "yeyote", wakasema mtu mmoja mwenye akaunti yenye shida asitufanye tuamshe mafundi wote usiku, wakawa na haki, tukakubaliana wanachama watatu mfululizo. Keshia ndiye anaandika ngazi ya kwanza. Kuishusha ni lazima wampigie simu wamweleze sababu, halafu waiandike. Kuanzia tarehe 26 mpaka tarehe 2 hakuna masaa ya kazi, ni masaa ya ukutani, hata Jumapili. Daftari limetajwa kwa jina kwamba si njia mbadala likizidi watu 20. Na sisi kwa upande wetu tumetoa namba mbili za simu zinazopokelewa saa yoyote, moja ni yangu, nyingine ya meneja.

Kipengele cha mtu wa tatu, yule wa kusuluhisha tukibishana uzito, walikikataa. Walisema gharama. Tulipendekeza mkaguzi wa kompyuta ambaye tungemlipa nusu kwa nusu, na ambaye angeitwa tu pande mbili zikishindwana, bado wakakataa. Mkataba huu ni wa miaka miwili. Rasimu ya hicho kipengele ninayo kwenye faili la kamati, na kwenye mkutano mkuu wanachama walishapiga kura kwamba safari ijayo ndicho kitasomwa cha kwanza mezani.